Kitabu Namba Arobaini na Moja

Kila mwezi wa nne karani wa kambi hubandika kwenye mlango wa maktaba orodha ya vitabu ambavyo maofisa wanashauriwa kusoma kabla ya mtihani. Orodha ina mafungu matatu. La kwanza ni historia ya vita vya zamani. La pili ni mikakati. La tatu ni vitabu vinavyouliza vita ni kitu gani hasa, na kwa nini watu hawaachi kupigana. Vya fungu la tatu hurudi vikiwa safi, kwa sababu wengi huishia ukurasa wa ishirini.

Mimi sivisomi. Niliishia darasa la tano, na vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Kazi yangu ni kuvishona vikichanika na kufuta alama za kalamu ya risasi, maana maofisa huchorachora wakisoma, na amri ni kwamba kitabu kirudi rafuni kikiwa safi. Meza yangu iko kwenye baraza ya nyuma, karibu na jiko la chai. Ndiyo maana nilimfahamu Khimuli.

Khimuli alileta maziwa. Alikuwa na nyati mmoja wa kufugwa, wa kukamua, na alipanda kilima kila asubuhi na ndoo kichwani, shoka la kuni likiwa kiunoni. Mumewe alifanya kazi kwenye hoteli huko tambarare na alirudi mara moja kwa mwaka. Mama mkwe wake alikuwa na ulimi mkali, na Khimuli hakuwa nyuma.

Mtunza maktaba, Sajenti mstaafu Lachham Singh, hakuwahi kupokea maziwa bila neno.

"Dada Khimuli, haya ya leo yamepitia mtoni?"

"Nyati wangu anakunywa maji mengi, afande. Wewe unakaa na vitabu vyote hivi, na bado huna hata swali jipya."

"Vitabu vya mikakati hivi. Si vya maziwa."

"Mkakati ni nini?"

"Ni kujua utakachofanya kabla adui hajajua."

"Hicho hata mama mkwe wangu anakijua. Mpeni cheo."

Mimi nilicheka nikiwa nimeinamia uzi wangu. Si mtu wa maneno mimi.

Khimuli alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Dungar. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akampikia mikate ya ulezi ya kwenda nayo shule, akamvusha mto mgongoni. Dungar akaingia jeshini, akawa koplo, na akatamani kufanya mtihani wa kuwa ofisa. Akawa anaazima vitabu vya orodha. Halafu kikosi chake kikapelekwa juu kwenye milima ya barafu, na mwezi wa pili theluji ikaporomoka juu ya kibanda chao.

Sanduku lake liliposhushwa kijijini lilikuwa na sweta, wembe, kioo kidogo na kibahasha cha sukari guru. Hapakuwa na karatasi hata moja. Siku hizi watu hupiga simu, hawaandiki.

Mwaka mmoja baadaye rafiki wa Dungar, Trilok, alikuja likizo, akapita nyumbani kwa Khimuli kunywa chai. Akamwambia, "Dada, yule alikuwa na kitabu kimoja cha kijani, namba arobaini na moja. Alikuwa anakiandika pembeni usiku na mchana, kama mtu anayebishana na jirani. Tulimcheka sana. Kitabu kilirudishwa maktaba kabla hatujapanda juu."

Kesho yake Khimuli alitua ndoo akaenda moja kwa moja mlangoni. Nilimwona akipitisha kidole kwenye orodha. Kiingereza hajui, alikuwa anatafuta namba. Akarudi baraza ya nyuma na kusimama mbele ya meza yangu.

"Kaka Jodh, arobaini na moja ipo?"

"Ipo."

"Nataka kuuona mwandiko wa Dungar. Sitakichukua. Kuuona tu."

Nikamwambia kimeazimwa. Haikuwa kweli. Kilikuwa rafuni, hatua saba kutoka pale tulipokuwa.

Nilikikumbuka kitabu kile vizuri sana. Kilirudi mgongo umevunjika, kimejaa pembeni maandishi ya lugha yetu, kwa herufi zetu, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nami nikashangaa ni nani huyu aliyemaliza kitabu cha fungu la tatu. Nilikifuta kwa siku tatu. Kwanza kwa raba, halafu kwa chembe za mkate mkavu ili karatasi isikwaruzike. Nilijisifu moyoni kwa usafi ule. Wakati ule Dungar alikuwa bado hai huko juu.

Khimuli aliuliza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara niliona jinsi anavyofuta mikono kwenye sketi kabla ya kuuliza, kana kwamba atapewa kitabu sasa hivi asije akakichafua. Afande Lachham akaniambia, "Fundi, mwambie au nitamwambia mimi." Nikamwambia nitasema. Nilichukua siku tisa.

Siku ya kumi nilikitoa kitabu, nikakiweka mezani, nikamwambia, "Nilifuta mimi. Chote. Sikujua ni cha nani."

Alikifungua, akapindua kurasa moja moja, polepole, pembeni zote nyeupe. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Alikuwa anakiinua kwenye mwanga, akiweka jicho karibu na karatasi, lakini nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaandika namna gani? Mistari yake inapanda au inashuka? Mimi nilimfundisha herufi za kwanza kwa mkaa, na sikumbuki."

Ndipo jicho langu likaenda kwenye mshono. Kanuni ya kazi yetu ni kufuta kwanza, kushona baadaye. Lakini wiki ile ukaguzi ulikuwa mlangoni, nikashona kwanza, tena kwa pembeni, mshono mpana unaomeza ukingo wa ndani wa kila ukurasa. Raba haikuweza kufika huko. Lilikuwa kosa, na nilikuwa nimelificha.

Nikachukua kisu na kuanza kukata uzi. Khimuli akavuta kigoda. Chai ilichemka ikamwagika jikoni, hakuna aliyekwenda.

Kurasa nyingi hazikuwa na kitu. Kwenye moja palikuwa na mkia wa herufi. Kwenye nyingine neno moja, "baridi". Kisha, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, karibu kabisa na mgongo, mstari mzima uliosimama wima kama mtu aliyekosa nafasi. Afande Lachham alikuja akausoma ukurasa wenyewe, akatuambia unahusu jeshi lililovuka milima wakati wa baridi, na mfalme wao aliyesifiwa kwa uamuzi wake.

Pembeni Dungar aliandika, "Chumvi walipata wapi?"

Khimuli akacheka, kicheko kilichokatika katikati. "Huyu. Kwake kila chakula changu kilikosa chumvi. Hata cha harusi yangu." Akaweka ncha ya kidole chini ya maneno, bila kuyagusa. Mwandiko ulikuwa unapanda.

Alikaa hapo hadi maziwa yakafanya utando.

"Utakishona tena?" akauliza.

"Lazima. Kipo kwenye orodha. Naweza kushona mwembamba, ili uwe unauona ukija."

"Na mkaguzi akiuona?"

"Nitaambiwa nifute."

Alifikiri. "Basi shona kama ulivyokosea."

Nikashona hivyohivyo, yeye akinishikia kurasa. Maneno yakazama ndani ya mshono tena.

Miaka sita imepita. Anapanda bado, nyati ni mwingine. Kitabu kikiwa rafuni anaomba akishike kidogo, haombi nikifungue. Kikiwa kimeazimwa anamuuliza Afande Lachham, "Kiko kwa nani?"

"Kwa kapteni mmoja mgeni."

"Amefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa ishirini, kama wote."

"Bado mbali," anasema, na kumimina maziwa.