Kabati za Vioo za Ruiru

Nakumbuka siku ile mama yangu alipotoka kwetu kijijini Ngoliba kuja kuona duka langu jipya la nguo pale Ruiru. Nilikuwa msichana bado, mwanangu, na nilikuwa nimeyaona maduka makubwa ya Nairobi nikataka langu lifanane nayo. Nikanunua kabati za vioo, zile ndefu zenye taa ndani, nikapanga marinda humo na kufunga kwa ufunguo. Zilimeta! Watu walisimama nje, wakasifu, wakaenda zao. Nikawaza labda hawajui kitu kizuri. Ujana nao haukosi majibu.

Mama alifika mlangoni akainama, akaanza kuvua viatu vyake vyenye vumbi.

"Mama, ingia tu na viatu."

"Wacha, Nyambura. Hapa ni safi sana. Wacha niangalie nikiwa hapa nje, nisije nikakuvunjia kitu."

Nikajiuliza. Kama aliyenizaa anaogopa duka langu, nani mwingine ataingia? Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini kitajiuzaje kikiwa nyuma ya kufuli?

Nilimshika mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu. "Wewe ukienda kununua rinda, unataka nini?"

Akacheka. "Mimi? Nataka kushika kitambaa. Nikivute kidogo, nione kama kitafika Krismasi."

Basi zile kabati nilimuuzia mtu mwenye duka la simu, ambaye kwake kioo na kufuli vina kazi. Fundi wa vyuma kule Thika akanichomelea reli za kutundikia nguo, fupi, za kufikiwa na kila mkono. Nikaongeza benchi, kioo cha kujitazamia na pazia la kujaribia nguo nyuma yake. Mama aliporudi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu. Alitoka na rinda la maua, akajizungusha kama msichana, na mama mboga wa jirani, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga mle, akaingia kumpigia makofi. Naye hakutoka mikono mitupu.

Kwa hivyo, mwanangu, wewe unayetafuta rafu na kabati za duka lako, usianze na kinachopendeza kwenye picha. Anza na mtu atakayeingia: mkono wake unafika wapi, miguu yake imechoka vipi, anaona haya kiasi gani. Cha kushikwa kiache wazi. Cha kuvunjika ndicho ukifungie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mteja ni mgeni.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akuletee watu wema asubuhi na jioni, na akupe moyo wa kuwapokea wote kama wa kwenu.