Kitabu Nilichofungia Karanga

Baba yangu alizaliwa Rumonge, akaja Bujumbura kushona viatu. Mama yangu alizaliwa Uvira. Wote wawili hawakusoma, nami sikusoma. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usinipambe.

Wakati wa vita niliuza karanga za kukaanga katika soko la Jabe. Nilizifunga kwa karatasi kuukuu nilizonunua kwa kilo, bila kuuliza zimeandikwa nini. Safari moja fungu langu lilikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada. Nilikipasua kwa utaratibu, ukurasa baada ya ukurasa, kuanzia mwanzo.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yako, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikiona kitabu kile kapuni, akakisoma akiwa amekaa chini ya meza yangu. Kilikuwa kisa cha binti anayemtafuta kaka yake mji hadi mji. Siku ya tatu alitoka hapo uso umemvimba.

"Mama, mwisho iko wapi?"

"Sijaugusa. Nilianzia mwanzo."

"Upande gani?"

Nilimwonyesha upande wa kulia.

"Mama, hii si musahafu. Kifaransa kinaanzia kushoto."

Hakula mchana ule, wala jioni. Mimi si mtu wa kuomba radhi. Nilitangaza sokoni kwamba atakayerudisha karatasi ya kitabu kile atapewa karanga bure.

Kumbe vijana wa mtaa walikuwa wamezitunza, wakisomeana na kubadilishana, pasipo kujua kisa kilianzaje.

"Huyu kaka alipotea namna gani?" mmoja aliuliza. "Mi namujua koti yake tu, ndiyo iko kwa ukurasa wangu."

"Lete ukurasa, nitakwambia," mama yako akamjibu.

Meza yangu ikawa na kelele kuwashinda wauza samaki. Niliwakemea; sikuwafukuza. Kurasa zilirejea zikinuka mafuta, zote isipokuwa ya mwisho. Binti alibaki anagonga mlango, nasi hatukujua ni nani atakayemfungulia.

Juma lililofuata alifika msichana wa Cibitoke, mtaa ambao siku zile watu hawakuutoka wala kuuingia kwa wepesi. Mjomba wake alikuwa amempelekea karanga zangu, na baadaye habari za tangazo langu. Alivua kiatu, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Lete," mama yako akasema.

"Apana. Mi niko na mwisho, we uko na mwanzo. Tusome wote."

Mama yako akacheka, akasogea kumpa nafasi. Walisoma tangu ukurasa wa kwanza, wakinitafsiria bila kuombwa. Kaka mwenyewe alipofungua mlango, nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na karanga zote zimeungua.

Kitabu kimo sandukuni mwangu, nimekishona kwa uzi wa gunia. Kitunze. Usikipeleke kutiwa jalada jipya, wala usijaribu kutoa mafuta. Kijana akikiomba, mpe, lakini kaa naye. Na asiguse ukurasa wa mwisho kabla ya kuufikia, hata akiwa ni mama yako.