Jumapili Niliyomfungia Kelvin Geti

Ipo Jumapili moja isiyonitoka akilini, mwanangu, na nikikaa peke yangu kwa muda mrefu ndiyo huja kukaa nami. Si ya zamani. Ni ya juzi-juzi tu, mvua zilipokuwa zinaanza. Lakini nikikupa ya juzi bila ya kale hutaelewa kwa nini mzee mzima alisimama mbele ya geti lake, akatukanwa na vijana, na bado hakufungua. Kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo. Wazee tuna ugonjwa huo.

Nilipokuwa kijana nilikuwa utingo kwenye lori la kuvuta magari yaliyoharibika barabarani. Dereva wetu alikuwa Mzee Nzioki, mtu wa Machakos kama baba yangu, mnene, mkimya, mwimba kwaya. Asubuhi moja tuliitwa Jogoo Road, gari limelala ubavu na petroli inatiririka mtaroni. Watu walikuwa wameshajaa na madebe na sufuria, mwingine amekuja na birika la chai, nakuambia kweli. Mzee Nzioki alishuka na spana yake kubwa, akasimama katikati ya watu na ile petroli, hakumpisha mtu. Wakamwita mchoyo. Wakamwita kibaraka wa matajiri. Mama mmoja akamtajia mamake, na wewe unajua jambo hilo kwetu ni zito.

Akasema, "Nitukaneni tu. Lakini nitukaneni mkiwa huko huko mlipo."

Petroli ikafukiwa kwa mchanga, watu wakaenda zao wamenuna, hakuna kilichowaka. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Kwani Mzee, ingewaka kweli?" Alisimamisha lori kando ya barabara ili anijibu vizuri. "Mutua, unataka nikujibu hilo, au unataka kulala kwa mamako leo?" Nilimwona ni mzee mkali asiye na furaha, na sikumuuliza tena mpaka tukaachana kikazi.

Sasa njoo nami Buruburu, huku Eastlands. Nyumba hii tuliinunua pole pole mimi na marehemu mke wangu, Mumbua. Watoto walikua wakatoka. Mkubwa yuko ng'ambo, hupiga simu wikendi, na simu yenyewe inakatika-katika mpaka tunabaki kuulizana tu kama tunasikiana. Mdogo yuko Mombasa na shughuli zake. Juu ya uwanja wangu wa mbele nilijenga chumba cha kupangisha, kama walivyofanya majirani wote, na hapo anaishi Mama Imani, muuguzi, na wanawe wawili wadogo. Ngazi yake inateremkia uwanjani kwangu. Njia nyingine hana, na madirisha yana vyuma. Mtu mwema, lakini kazi yake ni ya zamu, tunaonana kwa nadra. Mimi nasikia nyayo tu.

Nitakuambia bila aibu, mwanangu: upweke unauma. Zamani nilikuwa nikiomba nyumba hii ikae kimya angalau kidogo nisikie taarifa ya habari. Siku hizi nawasha redio ili kuwe na mtu anayesema. Nikienda dukani nanunua kitu kimoja, narudi, naenda tena.

Ndipo akaja Kelvin Wafula. Kijana wa kwao Bungoma, amepanga chumba nyuma ya stendi, anaendesha teksi ya umeme ya kampuni. Kwake hakukuwa na pa kuegesha. Alibisha geti akaniomba kwa heshima, "Mzee, naomba nilaze gari hapa kwako." Nikamwambia alaze. Kila jioni akawa anaingia, gari halina sauti hata kidogo, nisingejua kama amefika isingekuwa mwanga wa taa zake ukutani. Nilikuwa nimeshaweka chai. Alikuwa anakunywa vikombe viwili, analalamika juu ya abiria, anacheka, anakwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu yote.

Alinieleza gari lake kama mtoto anayetoka shule. Kampuni ilikuwa imewafundisha, na yeye alikuwa na raha ya kufundisha mtu. "Mzee, hii haingurumi. Unaweza kudhani imezima, kumbe iko macho, ukikanyaga inaruka. Hizi nyaya za rangi ya machungwa usiguse hata kwa dawa. Betri iko huku tumboni, chini yote. Ikigongwa tumbo inaweza kunyamaza kabisa, halafu baada ya masaa, hata kesho yake, iwake yenyewe. Ukiona inatoa moshi, ama usikie inalia tsss kama chapati kwa mafuta, ama harufu tamu-tamu kama ya rangi ya kucha, hapo ni kutoka mbio." Nilimsikiliza kuliko alivyodhani. Mtu wa peke yake husikiliza hivyo. Maneno ya jioni moja huyatafuna kesho yake kutwa.

Basi Jumapili hiyo nilitoka ibada ya kwanza nikapitia Soko la Burma, nikachukua nyama ya mbavu, maana Kelvin alikuwa ameahidi kuja kula mchana. Nilikuwa nimepika. Nilikuwa nimetoa zile sahani za Mumbua. Mama Imani alikuwa ametoka zamu, amelala juu na wanawe. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nikasikia kishindo barabarani, halafu kelele za watu.

Unajua mtaro wetu pale kando ya kiwanja cha mpira, mfuniko wake uliibwa zamani na watu wakaweka jiwe ili mtu asitumbukie. Maji ya mvua yalikuwa yamelifunika. Kelvin alilipanda. Gari lilikwaruzwa tumbo kutoka mbele hadi nyuma, likateremka upande wa pili, likasimama ukingoni mwa kiwanja. Yeye alishuka mzima. Vijana wa kuosha magari walikuwa wameshafika, wakiongozwa na mmoja wanayemwita Otis, kijana mwenye nguvu na moyo mzuri, simlaumu.

Hapa kwetu, mwanangu, gari likiharibika halilali nje. Hiyo ni adabu yetu na ni hofu yetu pia. Linasukumwa mpaka uwanja wa jirani wa karibu mwenye geti, na jirani anafungua hata kama hamjuani, la sivyo asubuhi unalikuta halina vioo, halina taa, liko juu ya mawe. Mimi mwenyewe nimewafungulia wengi. Kwa hiyo Otis hakuwa na haja ya kuuliza. Aliniona nikitoka akapaza sauti, "Niaje mzee! Fungua geti tuingize hii ndai, ikilala hapa itaamka imebaki bodi!"

Nikasogea. Sikufika karibu sana. Upepo ukanijia na nikaisikia, harufu tamu, hafifu, ya rangi ya kucha. Na chini ya gari kulikuwa na sauti, tsss, tsss, ndogo tu.

Moyo wangu ulifanya nini? Nitakuambia ukweli. Ulisema fungua. Ulisema, Kelvin atalala hapa kwako leo akililinda, mtakula, mtazungumza mpaka usingizi. Nilikuwa tayari nimeona mahali nitakapomtandikia. Halafu nikaikumbuka ile ngazi, na watoto waliolala juu yake.

Nikarudi hatua chache, nikafunga geti, nikatia kufuli, nikasimama mbele yake.

"Haliingii," nikasema. "Liacheni hapo hapo lilipo. Na nyinyi tokeni, rudini huku, upepo usiwapigie."

"Mzee, acha jokes," Otis akasema. "Ni ya Kelvin hii."

"Najua ni ya nani."

Kijana mwingine alikuwa ameshashika spana, anataka kuinua boneti atoe nyaya za betri kama wanavyofanya kwa magari yote. Nikampigia kelele ambayo sikujua bado ninayo. Mwingine anakuja na ndoo ya maji. "Weka chini! Ndoo moja utafanyia nini hiyo? Piteni mbali!" Nikamgeukia Kelvin. "Umezima? Uliweka gia ya kuegesha? Funguo iko wapi?" Alikuwa nayo mfukoni, amesimama kando ya mlango wa gari. "Ondoka nayo, njoo mbali huku. Piga simu kampuni, halafu zimamoto, na uwaambie kabisa ni gari la umeme limegongwa chini."

Akaja, lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Mzee, wezi wakitoa chochote kwa hii gari mimi ndio nitaulizwa. Nitafutwa kazi. Nakuomba. Hata ni usiku mmoja tu. Si kila siku inalala hapo?"

"Inalala hapo ikiwa nzima. Wewe ndiwe uliyenifundisha, Kelvin. Tumbo likigongwa. Harufu. Juu pale kuna watoto."

"Nilikuwa naongea tu!" akasema. "Haitawaka. Imeshasimama, si unaona?"

Nilitamani sana anielewe. Nikamwambia, "Njoo ndani ule, tutaliangalia kutoka dirishani." Akanitazama kama mtu aliyeona jambo la ajabu. "Mimi nilidhani wewe ni wangu," akasema, akanigeuzia mgongo akapiga zile simu. Vijana hawakuwa wapole hivyo. Niliitwa mchawi. Niliitwa mzee wa roho mbaya, ndiyo maana watoto wako wamekukimbia. Hilo la watoto liliingia, mwanangu. Liko humu bado. Lakini walinitukania ng'ambo ya barabara, na gari likabaki peke yake kiwanjani.

Nilipanda nikamwamsha Mama Imani, nikamwomba awapeleke watoto kwa jirani wa mbali kidogo. Alienda bila kuuliza, mtu wa hospitali anajua. Watu wa zimamoto walikuja, wakalitazama, wakawafukuza watu zaidi ya nilivyofanya mimi, wakamwagia tumbo maji mengi, maji ya gari zima la zimamoto, halafu wakakaa kulingoja. Jioni kampuni ikaleta lori lenye kitanda bapa, wakalipandisha juu yake zima zima, magurudumu yasiguse lami, wakaondoka nalo. Na katikati ya shughuli hizo zote, sijui lini, mtu alikuwa amepita akang'oa vioo vyote viwili vya pembeni. Ndiyo Eastlands yetu hiyo. Hata hofu haitukatazi.

Halikuwaka. Elewa hapo. Hakuna moto niliouona, hakuna mtu aliyenijia kusema, Mzee, ulikuwa na haki. Kampuni ilimsimamisha Kelvin, nadhani ni kwa sababu ya lile jiwe, yeye anadhani ni kwa sababu ya vile vioo. Alihamia mtaa wa Mowlem kwa nduguye. Nilimpigia simu mara kadhaa ikaita mpaka ikachoka. Otis akipita hunisalimu, lakini kwa kidevu. Watoto wa Mama Imani wanapanda na kushuka ile ngazi, wananiangushia maganda ya ndizi, hawajui lolote, na wasijue.

Mzee Nzioki sasa namwelewa. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyerudi nyumbani jioni bila chochote mkononi cha kuonyesha kwamba alifanya kazi, maana wale aliowalinda hawakuungua.

Basi sikia, wewe unayenunua magari haya na pikipiki hizi zisizonguruma. Ni vizuri, hazitoi moshi, sina ugomvi nazo. Lakini zikipata ajali zisogelee kama mgeni. Egesha, zima, toa watu wote, ondoka na funguo uende nayo mbali, usidhani kimya ni kufa. Nyaya za rangi ya machungwa waachie wenyewe. Usiinue boneti, usifungue wala kupasua chochote, usilivute kwa kamba magurudumu yakizunguka, libebwe. Likitoa moshi, sauti au harufu tamu, kaeni mbali, upepo uwapige mgongoni, waiteni zimamoto na mseme ni la umeme. Likikwama kwenye maji ya mafuriko usiyaingie kulifuata. Na lililogongwa lisilale karibu na nyumba, hata likionekana limepoa, liwe peupe mpaka fundi wake aseme. Betri ya pikipiki iliyoanguka usiiweke chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Waache wezi waichukue.

Na hili ndilo kubwa: usifungue geti kwa sababu unaogopa kubaki peke yako. Nilibaki peke yangu. Inauma, sikufichi, jioni bado natega sikio kwa gari lisilokuwa na sauti. Lakini watu wote wa siku ile wako hai, na Kelvin yuko hai huko Mowlem, amekasirika, anakula, analala, anaamka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe safari ndefu na breki nzuri, na siku yako ikifika ya kukwama barabarani, akupe mtu mmoja asiyejali utamchukia kiasi gani.