Mumewe alipokosa sauti, Hajira alishika njia ya wageni

Jua limeshachomoza, lakini ukungu bado umelala juu ya Mto Pangani, ambao wenyeji wa Korogwe wanauita Ruvu. Wageni sita wanapanda kilima taratibu. Mbele yao anatangulia mwanamume mrefu aliyefunga kitambaa cheupe shingoni. Hasemi neno. Nyuma yake, mwanamke aliyevaa kanga na raba za shule ndiye anayeongea.

"Hapo pagumu. Shikeni mizizi, msishike majani, yatawakata."

Kileleni, karibu na mnara wa simu, mwanamume anainua mkono na kuonyesha kaskazini. Mwanamke anamtazama midomo, kisha anawageukia wageni.

"Ile ni milima ya Usambara. Na hii mistari mnayoiona chini ni mkonge. Watu walitoka Njombe, Songea, mpaka Burundi, wakaja kuukata. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ndio mliowanunulia ndizi jana sokoni."

Mwanamume anagonga jiwe kwa fimbo. Mwanamke anacheka.

"Anasema nimeruka reli. Haya, tuanze na reli."

Wageni nao wanacheka. Ni wauguzi kutoka Dodoma, wako likizo, na mchana wanateremka Tanga kuiona bahari. Hawajui kwamba miaka michache iliyopita mama huyu alikuwa hajawahi kukanyaga kilima hiki.

Anaitwa Hajira, ana miaka hamsini na miwili. Mwenye fimbo ni mumewe, Kibwana. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kibwana alikuwa mwongoza watalii mwenye maneno mengi kuliko wenzake wote. Leo hana sauti kabisa.

Kibwana alizaliwa Kang'ata, wilayani Handeni. Alikwenda Tanga akiwa kijana, akabeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni, akasikiliza wanachouliza, na baadaye akaanza kuwajibu mwenyewe. Aliwapeleka kwenye Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, akawatembeza pwani ya Raskazone jioni. Siku ya pili aliwapandisha Korogwe. Aliwaambia kwamba bandari huwezi kuielewa kama hujaona mizigo yake ilikotoka.

Nyumbani Korogwe alikuwa mtu mwingine. "Alikuwa anarudi amechoka, anakula, analala," anasema Hajira. "Nilikuwa namwambia, Baba Munira, maneno yote umewamalizia wageni, sisi umetuletea mabaki."

Mara kadhaa alimwambia mkewe waongozane siku moja, akaone anavyofanya kazi. Hajira alikuwa na palizi, au kuku wanaatamia, au Munira, binti yao, ana homa. "Nilijua kilima hakihami," anasema. "Sikufikiri kwamba ni yeye atakayehama."

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa msimu wa wageni wengi. Kibwana alidhani ni uchovu wa kazi. Alikunywa tangawizi na asali, akavaa sweta mchana wa jua, akaendelea kuongea. Miezi ikapita. Alipofika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, madaktari walikuta saratani ya koo imekwishakomaa. Walimwambia kwamba ili aishi, lazima waondoe kisanduku chote cha sauti.

Usiku wa kuamkia upasuaji Hajira alikuwa ameketi kando ya kitanda. "Ungedhani tungeongea mpaka asubuhi," anasema. "Tuliongelea mahindi. Aliniuliza kama nimeyaanika, nikamwambia nimeyaanika. Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake, mahindi."

Tangu hapo Kibwana anapumua kupitia tundu dogo shingoni, na kitambaa cheupe ni cha kulikinga na vumbi. Alirudi Korogwe, akakaa ndani. Simu yake ilipoita alimpa mkewe. Siku moja aliyepiga alikuwa kiongozi wa kikundi kilichotaka kupanda kilima.

"Nikamwambia, mzee haongei tena. Akasema, je, anatembea? Nikasema anatembea. Akasema basi tunakuja, tutatembea naye."

Kibwana hakutaka. Aliona aibu kusimama mbele ya watu bila neno. Hajira ndiye aliyemwambia, "Wewe onyesha, mimi nitasema." Wakaipita njia nzima wawili tu kwa siku kadhaa, yeye akionyesha kwa fimbo na kuandika kwenye simu, mkewe akirudia kwa sauti kubwa kama mtoto wa chekechea.

"Nimeishia darasa la saba, na nimezoea kuongea na kuku," anasema. "Mara ya kwanza nilisahau kila kitu. Nikawaambia wageni, jamani, huo ni mlima, na ule pia ni mlima."

Siku hizi hupata kundi moja au mawili kwa mwezi. Kundi likitoa elfu themanini ni siku njema. Shamba la mahindi ndilo linalowalisha.

Lakini jambo ambalo Hajira hulisimulia kwa shida lilitokea mwaka jana. Alikuja mgeni anayeitwa Frank, mfanyabiashara wa Moshi, ambaye aliwahi kutembezwa na Kibwana miaka ya nyuma. Safari hii alikuja na mkewe. Walipofika kileleni, Hajira akamaliza maelezo yote, reli, mkonge na mto. Frank akaendelea kusimama kama anayesubiri.

"Mama, na ile ya Kang'ata?" akauliza.

"Ya Kang'ata ipi?"

"Ile ya mwisho. Mzee alikuwa anageuka upande huu wa Handeni, anasema, 'Mmeona milima, mmeona mto. Sasa tazameni kule, nyuma ya ule mgongo wa mwisho. Kule hamtaona kitu, lakini ndiko nilikomwona binti akichota maji huku akigombana na mbuzi, na mbuzi akashindwa. Yule ndiye mke wangu. Kila nikisimama hapa huwa namtazama kwanza, ndipo nawaonyesha ninyi.' Nimemleta mke wangu aisikie."

Hajira aligeuka kumtazama mumewe. Kibwana alikuwa ameinamisha kichwa, anachora ardhi kwa fimbo.

"Nilishuka kilima sioni njia," anasema. "Nilifika nyumbani nikalia, tena kwa hasira. Nikamwambia, miaka yote hiyo watu wa Moshi wanajua, Wazungu wanajua, mimi niliyegombana na mbuzi sijui! Kwa nini hukuniambia?"

Kibwana aliandika jibu kwenye simu. Hajira hajalifuta. Anampa mwandishi alisome mwenyewe: *Nilidhani utakuja siku moja uisikie hapo hapo.*

Hajira alijaribu kutafuta mtu aliyerekodi maneno hayo. Frank hakuwa na kitu ila picha. Wengine walituma video za mto na za mawingu, na upepo mwingi. Kwenye moja inasikika sauti ya mwanamume ikisema "angalieni mguu," kisha inakatika.

Wauguzi wa Dodoma wameanza kushuka. Mmoja wao, Loyce, anabaki nyuma na kuuliza upande ule wa kusini kuna nini.

"Handeni," Hajira anajibu, na kumwonyesha njia ya kushuka.

Baadaye anaeleza. "Ile sehemu siisemi. Nimejaribu, mdomo unakataa. Ni maneno yake juu yangu, nitayasemaje mimi?"

Wapo waliowaambia kuhusu kifaa cha kuegemeza shingoni kinachotoa sauti mtu akichezesha midomo. Kibwana alikijaribu hospitalini. Kwa mujibu wa mkewe, kilinguruma kama redio iliyoishiwa betri, akakirudisha. Hajira anasema huenda mumewe atakubali kujaribu tena, lakini hamharakishi.

Mpango walio nao ni mwingine. Mahindi yakishavunwa, watateremka Tanga kwa siku tatu, wao wawili, bila kundi. Hajira ameishi safari ya saa mbili kutoka baharini na hajawahi kuingia Amboni wala kufika Tongoni. Kibwana ameshapanga waanzie wapi na walale wapi, na hataki kuulizwa.

"Safari hii mimi ndiye mgeni," anasema Hajira. Kibwana, aliyeketi pembeni akijifunga upya kitambaa, anatikisa kichwa kukubali. "Ataonyesha, nitatazama. Najua yale aliyokuwa akiwaambia wenzangu huko sitayasikia. Nimechelewa. Lakini alishaniita mara nyingi, na safari hii nakwenda."