Simba Ndani ya Kifuniko

Jumatatu nilipeleka saa yangu kutiwa betri kwenye duka moja la vitu vya kale hapa Johannesburg. Mbele yangu, mama mmoja wa Tanga alifungua kanga juu ya kaunta, akatoa seti ya chai ya fedha ya Kiingereza. Alizawadiwa na bibi kizee aliyemwajiri kwa kazi za ndani.

Mwenye duka aligeuza buli, akapapasa kitako chake.

"Hakuna mihuri ya fedha, mama. Hii ni shaba iliyopakwa fedha. Na umeitoa wapi?"

"Mihuri ilikuwepo. Nimeifuta mimi kwa kusugua, kila Ijumaa, miaka kumi na tisa. Tazama ndani ya kifuniko. Huko kitambaa hakikufika."

Mwenye duka alichukua lenzi, akainamia kifuniko. Nikachungulia: simba mdogo anatembea, mguu mmoja juu, muhuri wa fedha halisi.

"Eish. Basi tuongee, mama."

Mama alishaanza kufunga kanga. "Tuliongea uliponiuliza nimeitoa wapi. Wageni wangu nyumbani, mtaa wa Bellevue, watanywea chai humu."

Watu hudhani anayesugua chombo hakijui. Nani mwingine angekijua?

Nami nilichukua saa yangu ikiwa haijatiwa betri, nikatoka nyuma yake. Bado imesimama, na sijutii.