Buibui Aliyefunga Kwaresima

Juzi nilienda soko la Custom, hapa Juba, kununua daftari, nikamkuta mwenye duka anamwaga peremende za mwisho kutoka kwenye kopo kubwa la plastiki, lile la kifuniko chekundu. Nilitaka kumwomba lile kopo, lakini unanijua mimi, kumwomba mtu nisiyemjua ni kazi. Nikalipa daftari, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, maana katika kopo kama lile, nilipokuwa na miaka kumi, nilifuga buibui.

Si yule mdogo wa kona za dari. Huyu alikuwa tarantula, mkubwa kama kiganja changu cha wakati ule, manyoya mpaka kwenye ncha za miguu. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda mwaka huohuo. Kiarabu cha Juba kilikuwa kinanipiga chenga, na shuleni sikuwa na rafiki hata mmoja. Mafundi waliokuwa wakichimba choo kipya nyuma ya nyumba walimfukua, wakaruka kutoka shimoni, watu wazima wenye makoleo, wakipiga kelele, "Abushabat! Abushabat!" yaani buibui. Mimi nikamfunika kwa kopo. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani nilimwonea huruma kwa sababu kila mtu alikuwa anampigia kelele na yeye hana la kusema.

Haboba, ndivyo tunavyomwita nyanya huku, alisema akae nje chini ya dirisha la jiko, na siku atakayotoka kwenye kopo ndiyo siku ya maji moto. Jirani yetu, mama Mganda aliyekaanga chapati mlangoni kwake, alikuja kumtazama. "Eh! Hii kitu iko na ndevu kushinda bwana yangu," akasema, akarudi kwenye moto wake akicheka mpaka mabega yakatikisika.

Kufuga sikujua hata kidogo. Nilitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, nikaweka udongo, nikaweka maji kwenye kizibo cha soda. Chakula, nilimpa asida, ugali wa huku. Na mchuzi wa kudra, mboga ya majani, kidogo pembeni, kama mgeni. Akaikanyaga asida, mguu ukanasa, akautikisa kama mtu aliyekanyaga tope na viatu vya kanisani. Siku ya pili mende aliingia mwenyewe nilipofungua, na sikuona hata alivyokamatwa. Basi nikawa mwindaji wa mende. Baada ya wiki mbili jikoni hawakubaki, na haboba akaanza kumtazama buibui kwa jicho jingine.

Halafu Kwaresima ikaanza, na siku chache baada ya Jumatano ya Majivu buibui akaacha kula. Mende walimpita mbele, mmoja hata akapanda mgongoni, naye kimya. Nililia. Haboba akachutama mbele ya kopo, akamwangalia kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha nyama na sukari.

"Huyu anafunga," akasema. Kisha akapaza sauti ili baba asikie ndani: "Mdudu anafunga, na watu wengine wanakula nyama Ijumaa!"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi akienda kuchota maji, alimsalimia: "Umeamkaje, mwenzangu?"

Jumanne moja nikamkuta amelala chali, miguu yote minane hewani. Nilimwita, hakujibu, ingawa hata siku nyingine hakuwa akijibu. Haboba akatikisa kichwa. "Kalas. Amekwenda. Malesh, pole, mjukuu wangu. Wewe nenda shule. Mimi nitamtupa chooni, halafu kopo nitaliosha, nina simsim ya kuweka."

Nikaenda shule. Mwalimu wa sayansi alikuwa akichora nzige ubaoni, na mimi, ambaye tangu nifike sikuwahi kusema neno darasani, nikaona mkono wangu umepanda.

"Mwalimu, buibui akilala chali, amekufa?"

Darasa zima likacheka. "Amelewa huyo!" mmoja akasema. Mwalimu hakucheka. Aliuliza kama miguu imekunjwa chini ya tumbo. Nikasema hapana, iko hewani.

"Huyo hajafa. Anavua ngozi ya zamani. Ila akitikiswa sasa, ndipo atakufa kweli. Kwenu ni mbali?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa unangoja nini?"

Nilikimbia, rafiki yangu. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Nilipoingia uani nikawaona haboba na jirani wamesimama mbele ya choo, vichwa chini, kopo mikononi mwa haboba. Kumbe alishindwa kumtupa mwenzake wa kufunga bila sala. Na sala ya haboba si fupi. Huanza na marehemu wote, mmoja mmoja kwa jina, ivuke mpaka kwa ndugu waliobaki kambini Uganda, ipite kwa wagonjwa, wasafiri, wakubwa wa nchi, ndipo ifike kwa jambo lenyewe. Nilimkuta bado yuko kwa wagonjwa.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukatiza sala ile. Nikapiga kelele: "Haboba, acha! Yuko hai! Anavua nguo!"

Nilitaka kusema ngozi. Jirani akafungua jicho moja. "Anavua nguo? Mbele ya watu wanaomba?"

Tukaliweka kopo kivulini polepole, kama yai. Tukakaa watatu tukitazama, chapati za jirani zikaungua na hakuna aliyejali. Mchana mgongo ukapasuka, akatoa mguu mmoja, akapumzika, akatoa mwingine, kama mtu anayevua soksi zilizolowa, mpaka ngozi tupu yenye miguu yote ikabaki kando yake. Jirani akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. "Sasa iko mbili!"

Haboba aliisimulia kanisani, na katika simulizi yake ilikuwa asubuhi ya Pasaka. Haikuwa Pasaka. Ilikuwa Jumanne tu, wiki mbili kabla. Lakini nani angemsahihisha? Shuleni nako wakaanza kuniuliza habari zake, na mimi nikawa najibu, kwa Kiarabu kilichovunjika, wakinicheka na kunirekebisha.

Mvua kubwa zilipoanza, akawa anazunguka ndani ya kopo bila kupumzika. Mwalimu akaniambia huyo ni dume, amekomaa, anatafuta mke. Nilitaka kukataa. Haboba akasema, "Mwanamume wa kuoa hafungiwi kwenye kopo." Tukaenda naye sote watatu mpaka kwenye mawe nyuma ya mtaa, nikalilaza kopo. Alitoka, akasimama kidogo, akaingia chini ya jiwe. Hakugeuka.

Jirani amesharudi kwao Uganda. Yale mawe yamevunjwa kokoto, na pale juu zimejengwa nyumba zenye mabati ya buluu. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, husikika mtu akipiga mayowe kutoka moja ya nyumba zile, na viti vikianguka. Mimi hutabasamu kitandani, nikajisemea: huyo ni mjukuu wetu.