Unga wa Kupima Chuma

Hakuna chuma cha usukani kilichotoka kwenye banda la Gaspard bila kupakwa unga wa muhogo. Alipomaliza kuchomelea aliufukia mkono wa usukani kwenye jivu la moto ili upoe polepole, akautoa, akaulowesha mafuta ya taa, akaufuta mpaka ukakauka, kisha akaunyunyizia unga uliochekechwa mara mbili. Halafu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Kama kulikuwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yalitambaa nje taratibu na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe. Kama hakukuwa na ufa, unga ulibaki unga.

"Wenzangu wanalisha kuku," mkewe Driciru alizoea kusema, "mimi nalisha chuma. Na chuma haitagi mayai."

Kazi hiyo alijifunza kwa chaki, katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Arua, mwaka uleule alipovuka mpaka kutoka Kongo akiwa na shati moja na koleo mbili. Mhindi alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili alimwachia mashine ya kuchomelea, ile inayokoroma kwa dizeli, na barakoa yenye kioo cheusi. Baadaye chaki ikapotea madukani, na baada ya chaki vikapotea vipuri, boliti, hata sabuni. Gaspard akajenga banda lake la mabati nje ya mji, upande wa Pajulu, akaanza kutumia unga.

Wateja wake walikuwa madereva wa malori makuukuu ya jeshi, yale yanayovuta kwa magurudumu yote. Wakati wa mvua hakuna gari jingine lililofika Ludara na masokoni kwake. Madereva waliyainua juu kwa kuongeza springi, ili yavuke mito bila maji kuingia kwenye injini na yabebe magunia mengi kupita kiasi. Lakini ukiliinua lori, fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni haifiki tena sawasawa. Inalala mteremko, na kila shimo ambalo gurudumu linapiga linamnyang'anya dereva usukani mikononi. Dawa yake ni mkono mpya wa chuma, uliopinda na kupanda juu, ili fimbo ilale sawa tena. Hakuna duka lililouuza mkono huo. Gaspard aliutengeneza kutoka kwenye shafti za malori yaliyokufa, kila lori na mkono wake, kama kiatu na mguu.

Madereva wa Koboko walikuwa na sharti moja juu yake. Hawakukubali usukani mpya mpaka fundi mwenyewe apande na kukaa kushoto kwa dereva katika safari ya kwanza, kwenda na kurudi. Kwa hiyo Gaspard alikuwa ameijua barabara ya Koboko kwa mgongo wake kuliko kwa miguu. Kila tuta lilikuwa na mahali pake uti wa mgongoni. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na siku alizorudi kutoka safari hizo alilala bila kuvua viatu.

Mwaka wa sabini na nne kile kioo cheusi kilipasuka. Alikitafuta kingine miezi mitatu. Mwishowe alikata vitako vya chupa za bia, akavipanga vitatu pamoja, akavifunga kwa waya mahali pa kioo. Vilizuia mwanga kiasi. Jioni macho yalimwasha kama yametiwa mchanga, na Driciru alimwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Asubuhi alirudi bandani. Mwaka wa kwanza ilikuwa mchanga, wa pili ilikuwa machozi, na wa tatu ukaingia ukungu ambao haukuondoka hata jua lilipopanda.

Hakumwambia mtu. Driciru naye hakuambiwa, lakini alianza kuacha kazi zake na kusimama nyuma ya bega la mumewe kila unga ulipokuwa umenyunyizwa. Kama chuma kilikuwa kizima, alilalamika: "Unga yangu imekwisha bure." Kama kulikuwa na mstari, aliuliza kwa sauti ndogo: "Umeona?" Na Gaspard, ambaye hakuona kitu ila weupe, alijibu: "Nimeona." Kisha aliichukua patasi na kuuliza, kana kwamba anamjaribu mwanafunzi, "Wewe unaona iko wapi?" Akaonyeshwa kwa kidole. Hivyo waliishi mwaka mzima na zaidi bila kulitaja jambo lenyewe.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sabini na saba, Andama alikuja na lori lake kutoka Koboko. Alikuwa dereva mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Mkono wa usukani wake ulikuwa umeanza kupasuka karibu na Abuku, na kutoka hapo alikuwa ameliburuta lori mpaka Arua kwa kamba na dua.

"Mzee, kesho saa sita mimi niko njiani," alisema. "Keshokutwa ni soko ya Ludara. Wamama wananingoja."

Gaspard alifanya kazi siku hiyo yote na asubuhi iliyofuata. Alikata shafti, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu kama embe bivu, akaikunja, akaichomelea shingo ya kushika fimbo, akaizika kwenye jivu. Saa tano lori lilikuwa limejaa tayari. Wanawake kumi na wanane walikaa juu ya magunia pamoja na kuku wao, na Driciru alikuwa miongoni mwao. Binti yao Nora, aliyeolewa Koboko, alikuwa amejifungua siku nane zilizopita, na mama yake alikuwa na furushi la unga mwororo wa kumpikia uji mzazi.

Ndipo Gaspard alipoutoa mkono kwenye jivu, akaulowesha, akaufuta, akanyunyiza unga. Akakaa juu ya ndoo. Akangoja bega lake lipate kivuli cha mkewe, na kivuli hakikuja. Akakumbuka Driciru yuko wapi.

Akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Weupe. Akageuza. Weupe. Upande wa shingo weupe ulikuwa kama unatetemeka kidogo, lakini siku hizi kila kitu kilimtetemekea, hata mlango, hata sahani. Akapitisha ukucha. Ukucha haukumwambia neno.

"Mzee!" Andama alipiga honi. "Iko tayari?"

"Ngoja."

"Wamama wanaiva huku juu kama mandazi!" sauti moja ilisema, na wengine wakacheka. Huyo alikuwa Pasca, muuza tumbaku, ambaye hakuna safari iliyompita bila neno.

Gaspard aliinua uso kuelekea lori. Aliona rangi tu: bluu, nyekundu, kijani cha vitambaa. Mojawapo ilikuwa Driciru. Alijua anamtazama. Alijua pia kwamba hatashuka kwa hiari yake, kwa sababu kushuka ni kumvua mumewe nguo mbele ya watu. Ilitosha aseme neno moja, "tayari", kisha afunge boliti nne na kukaa kushoto kwa dereva kama siku zote. Fundi wa usukani asiyeona, nani atamletea lori? Na huko juu walikuwa wanawake kumi na wanane, na mbele kulikuwa na mteremko unaoishia kwenye daraja la magogo.

Alikuwa amechoka. Uchovu huo, zaidi ya ushujaa wowote, ndio uliomfungua mdomo. Hakuwa na nguvu tena ya kuona asichokiona.

"Mama Nora," aliita, "shuka. Kuja uniangalilie."

Pasca akasema, "Eh! Fundi amemkumbuka bibi yake!" Wakacheka tena. Driciru alishuka bila kucheka. Aliinama juu ya chuma, na safari hii hakuuliza kama mumewe ameona.

"Iko mustari," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Hapa kwa shingo. Refu kama kucha yangu."

Andama alikuwa ameshuka. Aliuangalia mstari, akamwangalia Gaspard, kisha akapunga mkono mbele ya uso wa mzee. Gaspard alichelewa kupepesa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Miaka mbili! Mimi nateremka ile mlima na chuma iliyopimwa na mutu hana macho?"

"Macho yalikuwapo," Gaspard alisema. "Yalikuwa ya huyu mama."

"Na wewe unakaa pale kushoto, umetulia kama padri!"

"Mimi nilikuwa nachoka tu, Andama."

Andama akatukana mvua, akatukana springi, akatukana siku aliyoacha kulima. Wanawake waliteremka mmojammoja na kuku wao. Wengine walinung'unika, wengine wakaenda kukaa kivulini. Ila Pasca alikuja karibu, akatazama ule mstari mwembamba, akarudisha kitambaa chake kichwani bila mzaha wowote.

Gaspard aliupasua ufa kwa patasi mpaka chini, Driciru akimwelekeza: kushoto, zaidi, hapo umefika, hakuna tena. Kisha alivaa barakoa.

"Nipe mimi niangalie kwa hiyo chupa," Driciru alisema.

"Hapana. Geuka huko. Macho ya nyumba hii yamebaki mawili tu."

Alichomelea kwa masikio, kama anavyopika mtu anayejua sauti ya mafuta yake. Chuma kikiungua vizuri hukaanga sawasawa, kikikosea, hutema. Kilipotema alisimama. Kilipokaanga aliendelea. Kisha jivu tena, na saa za kungoja, mpaka jua likaegemea. Unga wa kupimia ulikuwa umekwisha. Driciru alitazama furushi la mzazi kitambo, akalifungua, akachukua kiganja kimoja, kisha cha pili. Alinyunyiza mwenyewe. Akakaa juu ya ndoo yeye, mumewe akasimama nyuma ya bega lake.

Muda mrefu ulipita.

"Unga yangu imekwisha bure," alisema.

Waliondoka asubuhi iliyofuata, soko likiwa limeanza bila wao. Gaspard alikaa kushoto.  Kwenye mteremko mikono ya Andama ilikuwa myepesi juu ya usukani, ikisikiliza. Lori lilipiga shimo, likapiga jingine, likaenda lilikoelekezwa. Magogo ya daraja yalinguruma chini yao, kisha yakanyamaza.

Walipofika Koboko, Andama alizima injini, akaingia chini ya lori, akatoka na unga mweupe, bila kijivu, kwenye ncha ya kidole.

"Mwezi ujao naleta ile ingine ya ndugu yangu," alisema bila kumtazama. "Lakini huyu mama akae pale kwa banda. Akisafiri yeye, mimi naenda kulima."

Nyumbani kwa Nora walimkalisha fundi kwenye kiti na kumpa mtoto. Alimshika kama anavyoshika chuma chenye moto, mbali kidogo na kifua. Aliinamisha uso mpaka pumzi ya mtoto ikamgusa, akaona doa la kahawia katika ukungu. Hakujifanya.

"Mama Nora," alisema, "anafanana na nani?"

Driciru alikuwa anakoroga uji, mwepesi kuliko alivyokusudia. Aliacha mwiko, akaja, akainama begani pake.

"Masikio ni yako, pole yake," alisema. "Pua ya kwetu. Na hapa kwa shavu anakunja, hivi." Akakishika kidole cha mumewe na kukiweka pale shavu lilipokunja.

Gaspard alikiacha kidole hapo. Uji ulipoiva walimkuta amelala kitini, viatu miguuni, na mtoto naye amelala.